Nilichomwa PRP kichwani kabla sijaulizwa hata swali moja

Ilianza na picha. Mtoto wa dada yangu alipanda juu ya kiti anataka kutupiga wote tuliokaa mezani, mie wakati huo nimeinama natafuta miwani kwenye mkoba, picha ikatoka kila mtu meno nje na katikati yao nipo mimi, utosi wangu unaitazama kamera. Ile njia ya nywele niliyoichana asubuhi nikijua ni nyembamba kama uzi, kwenye picha ungeweza kulaza kalamu ukaenda zako. Nikamwambia mwanangu futa hiyo. Akasema, mamdogo mbona umetoka vizuri tu. Hakufuta, mtoto mbishi yule, na ubishi wake umekuja kunisaidia kuliko vitu vingi nilivyolipia baadae.

Wiki ile nikageuka karani wa nywele. Nachana naokota, naoga naokota, mto wa kulalia naukagua kama askari. Nilikuwa nimesoma kwamba mtu kupoteza nywele 50 mpaka 100 kwa siku ni kawaida, sasa siku moja baada ya kuosha nikahesabu 140 na kitu, usiku ule sikulala. Kumbe ukikaa siku kadhaa bila kuosha wala kuchana, zile ambazo zilishaachia zinasubiri tu humo humo ndani, siku ya maji zinatoka zote kwa pamoja. Ila hilo nimelijua baadae sana. Wakati ule nilishaanza kuangalia video za kabla na baada saa saba za usiku, na mtu anayeangalia video za kabla na baada saa saba za usiku ni mtu ambaye ameshalipa, bado kutoa hela mfukoni.

PRP, kifupi cha Kizungu cha plazima (maji maji ya damu) yenye chembe sahani nyingi, ilinikamata kwa sababu moja tu: damu yako mwenyewe. Hakuna kidonge cha kumeza kila siku, hakuna homoni, unatolewa damu mkononi inazungushwa kwenye mashine, ile sehemu nzuri unarudishiwa kichwani kwa sindano. Yani inasikika kama haki yako ya asili. Nilikuwa naogopa dawa mie, na mtu akikwambia dawa unayo tayari inatembea mwilini mwako, unalegea.

Basi nikaenda. Kliniki ya urembo, pasafi, maua mezani, kijana wa mapokezi ana sauti ya upole, nikaonyeshwa paketi ya mara sita na nikaambiwa ukilipa yote leo kuna punguzo. Nikalipa. Dakika ishirini baadae nimeshafungwa mpira mkononi. Mpaka leo najaribu kukumbuka kama kuna mtu aliniuliza swali lolote la afya, naona hamna. Hakuna aliyeuliza natumia dawa gani, na wiki ile nilikuwa nakunywa ibuprofeni asubuhi na jioni kwa ajili ya mgongo, na ibuprofeni, kama ndugu yake aspirini, inazizuia chembe sahani zisifanye kazi yake. Chembe sahani ndo mtaji wenyewe wa hii shughuli! Ni kama kupeleka mafundi saiti huku umewafunga mikono.

Ngoja nieleze hizi chembe sahani, maana nilichomwa nazo kichwani kabla sijajua ni kitu gani. Kwenye damu kuna chembe nyekundu zinazobeba hewa, kuna nyeupe za ulinzi, afu kuna hivi vidude vidogo kuliko vyote, hata kiini havina, ni vipande vinavyomeguka kutoka kwenye seli kubwa huko ndani ya uboho wa mifupa. Vinaishi siku 7 mpaka 10 basi. Mwitaliano Giulio Bizzozero ndo aliyeonyesha mwaka 1882 kwamba vina kazi kubwa kwenye kugandisha damu. Ukijikata na wembe vinakimbilia pale vinashikana vinaziba, hiyo wengi tunaijua. Kisichojulikana sana ni kwamba vikifika pale vinapasua mikoba yao midogo na kumwaga vichocheo vya ukuaji, vingine vinaita mishipa mipya ya damu, vingine vinaziamsha seli za jirani zianze kujigawa na kutengeneza. Wazo lote la PRP ni hilo: kama hivi vitu vinajenga upya kwenye kidonda, tuvikusanye kwa wingi tuvipeleke mahali pengine panapohitaji kujengwa. Kwa mtu mzima mwenye afya, maikrolita moja ya damu ina chembe sahani 150,000 mpaka 450,000, na wanaoandaa PRP wengi wanalenga kuipandisha hesabu mara tatu mpaka tano, kuna wanaotaja milioni moja.

Na haikuanzia kwenye urembo. Ilianza kama kitu cha kuwaongezea wagonjwa ambao chembe zao zimepungua, baadae madaktari wa upasuaji wa taya na meno wakawa wanaichanganya na vipande vya mfupa ili vishike haraka, kuna utafiti wa mwaka 1998 wa Robert Marx na wenzake huko Marekani uliotikisa sana upande huo, afu ikaingia kwa wanamichezo wenye magoti na viwiko vibovu. Kwenye nywele, mwaka 2006 daktari wa Brazil, Carlos Uebel, alieleza jinsi alivyoloweka vipandikizi vya nywele kwenye plazima ya namna hii kabla ya kuvipanda. Toka hapo mtu akajiuliza, sasa kama inasaidia nywele za kupandikiza, kwa nini tusizichome hizi hizi zilizopo?

Turudi kwenye kiti changu. Mashine ilikuwa mezani nyuma yangu, inaunguruma kama mashine ya kufulia ikifika kukamua. Ilipofunguliwa nikaona mirija miwili. Nilitolewa damu mrija mmoja. Sikuuliza. Mrija ulioinuliwa ulikuwa na kimiminika cha rangi ya waridi iliyokolea, na haukuwa na jina, nakumbuka kabisa kwa sababu nilikuwa naangalia nione kama watakuwa wamekosea kuandika jina langu kama watu wanavyokosea siku zote, nikakuta hamna hata la kukosea. Sindano zikaanza. Ganzi ya kupaka waliipaka lakini hawakuipa muda, kwa hiyo nilihesabu sindano moja moja mpaka arobaini na tatu nikapoteza hesabu kwa sababu machozi yalianza. Siku ya pili paji la uso limevimba, limeteremka mpaka juu ya nyusi, nikawa nafanana na mtu aliyegombana na mlango. Kuvimba kwenyewe baadae niliambiwa kunatokea, maji yanashuka yanaisha siku mbili tatu. Lakini kwa nini sikuambiwa kabla?

Mara ya pili nilirudi, sitaki kudanganya, nilishalipa. Mara ya tatu sikwenda. Kilichonizuia ni habari niliyoisoma ya jimbo la New Mexico, Marekani: mwaka 2018 kulianza kugundulika maambukizi ya Virusi vya Ukimwi kwa wateja wa sehemu moja ya urembo iliyokuwa inafanya ile PRP ya usoni, ile waliyoibatiza jina la vampaya, popobawa wa kizungu anayenyonya damu, na mwaka 2024 kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo, CDC, kikatoa taarifa kwamba ndo mara ya kwanza wanaandika maambukizi ya njia hiyo kupitia huduma ya urembo ya sindano. Sehemu yenyewe haikuwa na leseni, walikuta mirija ya damu bila majina na vifaa vya kutumia mara moja vikitumika tena. Nikasoma hapo kwenye mirija bila majina mwili ukanisisimka wote. Nikaenda kupima. Nilikuwa salama, lakini zile wiki za kusubiri mpaka kipimo cha kurudia sitamani hata adui yangu azipitie. Na hapo ndo unajua kwamba "damu yako mwenyewe" ni salama ikiwa kweli ni ya kwako.

Dada akanishika mkono akanipeleka kwa daktari wa ngozi. Mama wa makamo, mkali kidogo, hana maua mezani. Nikajieleza kwa kirefu, nikategemea aniulize mara ngapi nimechoma. Akaniuliza, mwanangu, hedhi yako ikoje? Nikabaki namtazama. Nzito, nikasema, siku saba nane. Uzazi wa mwisho lini? Miezi mitatu minne kabla ya nywele kuanza kupukutika uliugua homa, ulipungua kilo, ulifiwa? Mama yako nywele zake zikoje juu hapa? Unasuka kwa kubana? Unapata muwasho au kuungua utosini? Maswali nusu saa nzima, na mimi niliyeenda na mirija miwili kichwani nikaanza kuona aibu kwamba sikuwahi kujiuliza hata moja.

Ile miezi mitatu aliifafanua hivi. Kila unywele una ratiba yake peke yake: unakua miaka 2 mpaka 6 mfululizo, unasimama wiki chache, unapumzika miezi kama mitatu, unaanguka, mwingine unaanza. Mwili ukipata mshtuko mkubwa, nywele nyingi zinasukumwa kwenye mapumziko kwa wakati mmoja, na kwa kuwa mapumziko ni miezi mitatu, unaziona zinaanguka wakati homa umeshaisahau. Hiyo aina mara nyingi inajirudi yenyewe chanzo kikiondoka. Sasa fikiria mtu wa hivyo amechomwa PRP, nywele zikarudi kama ambavyo zingerudi tu, ataisifia PRP mpaka kaburini.

Akachukua nywele chache kati ya vidole akavuta taratibu aone ngapi zinaachia. Akaniwekea kile kioo chenye taa kichwani, picha ikatokea kwenye skrini, na hapo nikaona kitu ambacho video zote za saa saba za usiku hazikunionyesha: kwenye shamba lile lile, unywele mnene, pembeni yake mwembamba, pembeni yake mwingine kama nyuzi ya buibui. Hazijaisha, akasema, zinasinyaa. Hiyo ndo alama ya upungufu wa kurithi, kwa wanaume inakula pembeni za paji na utosi, kwa wanawake wengi mstari wa mbele unabaki ila njia ya katikati inazidi kutanuka. Kwa wanaume kisababishi kinajulikana vizuri, ni homoni inayotokana na testosteroni inayovibana vifuko vya nywele kidogo kidogo mpaka vinatoa manyoya badala ya nywele. Kwetu wanawake mambo hayajanyooka hivyo.

Afu akapeleka kamera pembeni, karibu na sikio, pale nilipokuwa nasuka rasta nzito za kubana miaka ile ya chuo. Ngozi laini, inang'aa, vitundu havionekani kabisa. Hapa, akasema, hata ukichomwa damu ya malaika. Kifuko kikishakufa kikawa kovu hakuna chembe sahani itakayokifufua. PRP inafanya kazi, pale inapofanya, kwenye unywele unaosinyaa ambao bado upo hai. Kuna na ule upara wa wanawake unaoanzia utosini na kutanuka nje kama doa la mafuta, unawapata sana wanawake wenye asili ya Afrika, unaacha kovu, na huo kila mwezi unaopoteza kwenye matibabu yasiyo yake ni sehemu ya kichwa ambayo hairudi. Kwa bahati mimi sikuwa na huo. Lakini ningekuwa nao, kule kwenye maua nani angejua?

Vipimo vya damu vikarudi: akiba yangu ya chuma iko chini kabisa, tezi ya shingo haina shida. Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili kwa mpigo, ya kurithi na ya kukosa chuma kwa sababu ya hedhi. Nikapewa vidonge vya chuma, nikapelekwa kwa daktari wa wanawake, na nikapewa minoksidili ya kupaka. Nikalalamika, nikamwambia mimi nilitaka kitu cha asili. Akacheka akasema minoksidili ilianza kama kidonge cha presha, wagonjwa wakaanza kuota nywele kila mahali, ndo ikageuzwa ya kupaka, Marekani waliipitisha kwa wanaume mwaka 1988 na kwa wanawake 1991, ina miaka zaidi ya thelathini ya watu kuipaka na kuipima. Hiyo PRP yako unayoiita ya asili, hakuna watu wawili wanaoiandaa sawa.

Na hapo alinigusa, kwa sababu ni kweli. PRP siyo kitu kimoja. Huyu anazungusha mara moja, yule mara mbili, huyu anaacha chembe nyeupe yule anazitoa, mwingine anaongeza kalisi kuzichochea, mwingine haongezi, na hata mtu huyo huyo damu yake ya mwezi huu siyo ya mwezi ujao. Ndo maana tafiti zake zinakuchanganya kichwa. Mwaka 2015 kule Italia walichukua wanaume 20, nusu ya kichwa wakachoma PRP, nusu maji ya chumvi, mara tatu kila baada ya mwezi, na upande wa PRP ukapata nywele kama 46 zaidi ya zilizokuwepo mwanzo kwa kila sentimita ya mraba. Inapendeza, ila wanne kati yao baada ya mwaka nywele zilianza tena kupungua. Mwaka uliofuata utafiti mwingine ukawachukua wanawake 26, hesabu ya nywele za waliochomwa PRP haikuwa na tofauti ya maana na ya waliochomwa maji ya chumvi. Nikijumlisha yale niliyosoma mpaka sasa naona mizani inaelemea kwamba inasaidia kiasi, kwa baadhi ya watu, wanaume zaidi ya sisi. Na hata Marekani zile mashine za kuandalia zilipitishwa kwa ajili ya kuchanganya na vipande vya mfupa kwenye upasuaji, ya kichwani ni daktari anaamua mwenyewe. Siyo kosa, ila mtu akikwambia imethibitishwa kwa nywele, muulize na nani.

Miezi minne nikameza chuma na kupaka dawa. Wiki za mwanzo nywele zilianguka zaidi, nikampigia daktari usiku nalia, akasema zile zilizokuwa zimepumzika zinapisha mpya, lala. Nikalala. Afu nikarudi mwenyewe kumwambia bado nataka PRP. Siwezi kueleza vizuri kwa nini. Labda nilitaka kuiona ikifanywa inavyotakiwa. Akasema sawa, ila hutakunywa ibuprofeni wala aspirini bila kunieleza, na tunapiga picha, taa hii hii, umbali huu huu, njia imechanwa hapa hapa.

Safari hii nesi aliandika jina langu na tarehe ya kuzaliwa kwenye mrija kabla hata ya kunichoma, akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma kama niko shule. Damu ikaingia mashineni na mrija mwingine ukawekwa upande wa pili. Moyo ukapiga paa. Nikauliza, samahani nesi, ule mwingine wa nani? Akautoa akanipa mkononi: maji. Mashine ikizunguka upande mmoja mzito itayumba ivunjike, kwa hiyo ukiwa na mgonjwa mmoja unaweka maji ya uzito ule ule kusawazisha. Labda na kule kwingine yalikuwa maji. Sitajua.

Na rangi! Mrija ulipotoka chini kuna nyekundu nzito imetulia, juu yake utando mwembamba mweupe kama ukoko, na juu kabisa kimiminika cha njano, njano ya mkojo wa mtu aliyekunywa maji vizuri, nisamehe lakini ndivyo kilivyo. Nikamuuliza ile ya waridi ilikuwa nini. Akasema chembe nyekundu zilichanganyika au zilipasuka, ikabaki hivyo hivyo. Ganzi ilikaa nusu saa na zaidi. Sindano ndogo ndogo, kila moja tone tu, sentimita moja kutoka kwa mwenzake, dakika kumi na tano tumemaliza. Iliuma, nani kasema haiumi, juu ya paji hasa, lakini sikulia. Mara tatu, mwezi kwa mwezi.

Matokeo, maana najua wengi mmeruka moja kwa moja mpaka hapa. Mwezi wa sita toka sindano ya kwanza ya huyu daktari, njia imepungua upana, siyo kurudi kama ya usichana, imepungua. Nywele kwenye vidole nasikia zina mwili kidogo. Kale kaupara ka pembeni ya sikio kamebaki vile vile, kanang'aa. Nikamuuliza daktari ni chuma, ni minoksidili au ni damu? Akasema hawezi kunitenganishia, na kama nataka PRP iendelee kuonekana itabidi nirudi mara moja mbili kila mwaka, huenda bila mwisho, kama ambavyo minoksidili ukiacha unarudi ulikotoka. Sijaamua. Chuma na minoksidili naendelea, hizo sina ubishi nazo. Kuhusu sindano, nusu yangu inasema kama kuna hata kidogo kilichotokana nayo kwa nini nikiache, nusu nyingine inaangalia kalenda na kuona sindano mia kadhaa mbele yangu.

Picha za daktari ninazo kwenye simu, zina mistari na tarehe, zimepangwa vizuri. Ila jana nilitaka kuona bila taa yake, nikamwita mwanangu nikakaa kwenye kiti kile kile, nikainama kama natafuta miwani. Akapiga. Akatafuta ile ya zamani kwenye simu yake akaziweka pamoja, akazitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea kwa mtoto wa umri ule. Akaniuliza, mamdogo, sasa ile ya kwanza niifute?

Nikamwambia aiache, na hii ya leo aiandikie tarehe.